Maana ya "extra añejo": tekila iliyokaa piponi, na namna ya kuionja

Ukikuta maneno extra añejo kwenye lebo ya tekila, pombe kali ya Meksiko, kuna jambo moja umehakikishiwa: kinywaji hicho kimelala kwenye pipa la mwaloni kwa muda usiopungua miaka 3, na pipa lenyewe halikuzidi lita 600. Basi. Kama ni kitamu au la, hilo lebo haisemi, na hapo ndipo kazi ya muonjaji inapoanza.

Añejo ni neno la Kihispania lenye uhusiano na año, yaani mwaka. Tekila isiyokaa piponi, au iliyokaa kwa muda mfupi mno, huitwa blanco. Ikifikisha miezi 2 ni reposado, iliyopumzika. Ikimaliza mwaka 1 ni añejo. Ngazi ya nne, extra añejo, iliingizwa kwenye kanuni za Meksiko mwaka 2006, ingawa watengenezaji walikuwa wameshatangulia. Mwaka 1995 Jose Cuervo walitoa Reserva de la Familia kuadhimisha miaka 200 ya kampuni yao, na Herradura nao wakaja na Selección Suprema. Zote mbili ziliuzwa kama añejo, kwa kuwa jina la juu zaidi halikuwepo. Na ukichanganya añejo na extra añejo, mchanganyiko huo unaitwa añejo. Anayeshusha jina ni yule mdogo.

Ili kuelewa kinachopimwa, tuanze shambani. Tekila hutokana na mkonge wa buluu, ndugu wa mkonge tunaoujua kule Tanga na Korogwe, ambao nao asili yake ni Meksiko. Tofauti ni kwamba kwetu mali ni jani, maana ndilo lenye katani. Kule Jalisco, jimbo la Meksiko, majani hukatwa yakaachwa, kinachotakiwa ni kitovu kinene cha mmea. Wenyewe wanakiita piña, nanasi, na kweli kikishafyekwa majani kinafanana na nanasi kubwa mno. Mmea husubiriwa miaka 5 hadi 7, wakati mwingine zaidi. Kitovu hupikwa hadi inulini yake, akiba ya mmea iliyoundwa kwa minyororo ya sukari, igeuke sukari, hukamuliwa, maji yake huchachushwa, kisha hukenekwa angalau mara mbili. Mkonge uliopikwa una harufu ambayo mtu wa huku hawezi kuikosea: viazi vitamu vilivyochomwa, asali, sukari guru, na kwa mbali ubichi wa jani lililovunjwa.

Harufu hiyo ndiyo roho ya tekila, na kwangu mimi swali la kwanza la kuhukumu extra añejo ni hili: baada ya miaka 3, 5 au 7 ya kulala kwenye mbao, mkonge bado unasikika?

Maana pipa halikai kimya. Mengi ni mapipa ya mwaloni mweupe yaliyokwisha kuhifadhi bourbon, wiski ya mahindi, huko Marekani, ambako sheria inataka bourbon iwekwe kwenye chombo kipya cha mwaloni kilichounguzwa ndani. Kwa hiyo mapipa yaliyotumika mara moja hupatikana kwa wingi. Moto ule wa awali huvunjavunja mbao na kuacha vanila, karameli na harufu kama ya nazi. Mbao pia hutoa tanini, zile zinazoleta ukakasi. Kama umewahi kutafuna bibo lisiloiva, ulimi ukakauka na mashavu yakavutwa ndani, ukakasi unaujua. Kidogo chake huipa tekila mwili. Ukizidi, umenunua maji ya mbao kwa bei ya dhahabu. Pipa dogo, la lita 200 hivi, hukigusisha kinywaji na mbao nyingi zaidi kwa kila lita, na joto la Jalisco huharakisha mambo, huku sehemu ya kinywaji ikipotea hewani kila mwaka. Ndiyo maana kuhesabu miaka peke yake kunapotosha: pipa lililochoka linaweza kukaa miaka 6 likafanya kazi ya wastani, na jipya likaharibu kila kitu katika miaka 3.

Sasa mimina kiasi kidogo kwenye glasi yenye mdomo mwembamba kiasi. Barafu, chumvi na ndimu ziache kando. Iache dakika 10 ipumue. Rangi itazame lakini usiiamini sana. Kanuni zinaruhusu karameli ya rangi, dondoo la mwaloni, gliserini na shira ya sukari, na vikiwa chini ya asilimia 1 ya uzito si lazima vitajwe. Kuna pia cristalino, tekila iliyozeeshwa kisha ikachujwa kwa mkaa hadi ikawa nyeupe kama maji, rangi ikaondoka pamoja na sehemu ya ladha.

Unaponusa, fungua mdomo kidogo ili ukali wa pombe usikuzibe pua. Usichimbe pua ndani ya glasi. Anzia ukingo wa juu, kisha shuka taratibu. Juu kabisa utapata matunda na maua, katikati mdalasini, karafuu, pilipili manga, na chini mbao. Kama vanila imejaa kote na hakuna kingine, shaka ni halali.

Funda la kwanza ni la kuuzoeza mdomo, usilihukumu. La pili lizungushe hadi kwenye ufizi, meza, halafu pumua kupitia pua. Hapo mkonge hurudi kama upo: utamu wa kupikwa, kisha pilipili pembeni mwa ulimi. Hesabu muda ladha inaobaki. Tekila nzuri hubadilika inapofifia, kutoka karameli kwenda kwenye jani bichi. Ile iliyotiwa utamu hubaki palepale, ikigandamiza ulimi kama shira, kisha hukatika ghafla.

Glasi usiioshe usiku huo. Ifunike na kisahani, uinuse asubuhi pombe ikiwa imeshakauka. Mara nyingi utakuta moshi mwepesi na mbao kavu. Ukikuta chini yake kiazi kitamu cha kuchoma, chupa hiyo inastahili bei yake.