Unguja hadi Pemba kwa ndege sio dakika kumi jamani

Kuna watu wanasema eti Unguja na Pemba ni kilomita 50 tu kwahiyo ndege inapaa inatua. Hiyo 50 ni maji tu, kutoka ncha ya Nungwi mpaka kusini ya Pemba, na wala huko Nungwi hakuna eapoti ya kupandia ndege ya Pemba! Eapoti ya Unguja ipo Kisauni, kusini ya mji, na ya Pemba ipo karibu na Chake Chake katikati ya kisiwa, sasa ukipima eapoti kwa eapoti unapata kama kilomita 125 hivi.

Halafu zile ndege ndogo za pangaboi, mfano Cessna Caravan, zinakwenda kama kilomita 300 kwa saa, piga hesabu, ni dakika 25 hewani na hapo hujaweka kupanda, kushuka na kuzunguka kutafuta uwanja. Ndio maana tiketi inaandika nusu saa. Na bado hujapimwa begi, pengine na wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mizani, usicheke.