Ajira kati ya shamba na ghala: vijana wa vijijini na huduma za nafaka baada ya mavuno

Ukisoma takwimu za ajira harakaharaka, unaweza kudhani kijijini hakuna tatizo. Shirika la Kazi Duniani humhesabu mtu kuwa hana ajira pale anapotimiza masharti matatu kwa pamoja: hana kazi, anaitafuta, na yuko tayari kuianza. Kijana wa kijijini mara nyingi hukwama kwenye sharti la pili, kwa sababu hapajui pa kwenda kuitafuta. Zaidi ya hayo, hadi mwaka 2013, wanatakwimu wa kazi duniani walipokubaliana kubadili kigezo, hata aliyelima chakula cha nyumbani kwao tu aliweza kuhesabiwa kuwa ameajiriwa. Kigezo kimebadilika, lakini maisha ya shambani ni yaleyale: kazi tele kwa wiki chache za kupanda, kupalilia na kuvuna, kisha miezi mizima bila kipato. Na ardhi yenyewe ni ya wazazi, ambao bado wanaitegemea.

Ndiyo maana kumwambia kijana "rudi ukalime" hakumsaidii sana. Penye nafasi ya kweli ni pale wenye mashamba wanapolemewa, yaani wiki zinazofuata mavuno. Mwaka 2019 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikadiria kuwa takriban asilimia 14 ya chakula duniani hupotea baada ya kuvunwa na kabla ya kufika kwa wauzaji wa rejareja. Kuzuia upotevu huo ni huduma ambayo mkulima yuko radhi kuilipia akiona faida yake, na anayeitoa hahitaji hata robo ya ekari. Tutumie mahindi kama mfano.

Msingi wa huduma yote ni unyevu. Mahindi yakivunwa huwa na unyevu wa asilimia 20 na zaidi, ilhali ya kuhifadhi yanatakiwa kushuka hadi asilimia 13 au pungufu. Yakibaki juu ya hapo, kuvu huota na baadhi yake hutoa sumukuvu, sumu isiyo na ladha, isiyoonekana kwa macho, isiyoondolewa na moto wa kupikia, na inayohusishwa na saratani ya ini. Anika juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo mtupu, kwa tabaka la sentimita 2 hadi 4, na geuza mara kwa mara. Yakikauka, yaache yapoe kabla ya kufungasha. Nafaka ikifungwa ingali na joto la jua, mvuke hutulia juu ya gunia na kulowesha punje za pale, kisha ukungu huanzia hapohapo.

Kifaa cha kwanza cha kununua, kabla hata ya mashine, ni kipima unyevu. Chagua chenye mpangilio wa zao unalopima, na chukua sampuli kwa bambo, yaani chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia, juu, katikati na chini ya gunia, kwa kuwa juu peke yake hudanganya. Asiye na kipimo anaweza kuanza na chumvi: weka chumvi kavu na mahindi kwenye chupa safi ya kioo iliyo kavu kabisa, jaza theluthi moja tu, tikisa dakika mbili au tatu, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15. Lakini isipoganda usishangilie mapema. Jaribio hili halitofautishi asilimia 14 na 13, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua usalama wa ghala.

Hapa pia ndipo ugomvi na wateja huzaliwa. Kilo 100 zenye unyevu wa asilimia 20 zikikaushwa hadi asilimia 13 hubaki kilo 92 hivi. Hesabu yake: 100 mara 80, gawanya kwa 87. Zile kilo 8 ni maji, ila mkulima asiyeelezwa mapema ataamini zimeibwa. Pima mbele yake wakati wa kupokea, andika uzito na unyevu, mwoneshe uzito unaotarajiwa, na kila mmoja abaki na nakala. Daftari hilo ndilo litakalokupa wateja wa mwaka unaofuata.

Tuje kwenye mashine ya kupukuchulia. Usiilishe mahindi mabichi. Juu ya asilimia 18 hivi punje hupondeka badala ya kubanduka, na punje iliyovunjika hushambuliwa mapema na wadudu na kuvu. Kosa la kawaida zaidi ni la puli, yaani gurudumu linalopitisha mkanda. Mwendo wa ngoma, yaani silinda inayozunguka ndani ya mashine na kubandua punje, ni mwendo wa injini mara kipenyo cha puli ya injini, ugawanye kwa kipenyo cha puli ya ngoma. Injini ya mizunguko 2,400 kwa dakika, yenye puli ya sentimita 10, ikizungusha puli ya ngoma ya sentimita 30, hutoa mizunguko 800. Fundi akibadilisha ile ya injini kwa ya sentimita 14 ili "iende kasi", ngoma hupanda hadi 1,120. Kazi itaonekana kuwahi, lakini magunia yatajaa chenga na mnunuzi atashusha bei. Fuata mwendo ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Punje zikibaki kwenye magunzi, kagua kwanza unyevu, kisha mkanda: ukiubonyeza katikati ya puli zilizoachana mita moja, ushuke sentimita 1.5 hivi. Uliolegea huteleza na kuungua, uliokazwa mno huua beringi.

Huduma ya tatu, ambayo vijana wengi huisahau, ni uhifadhi. Mifuko isiyopitisha hewa hufanya kazi kwa kuwanyima hewa fukusi na dumuzi: wadudu hutumia oksijeni iliyomo, nayo ikipungua hukoma kula na hatimaye hufa, bila dawa yoyote. Kabla ya kujaza, puliza mfuko wa ndani na uubane kusikiliza kama unavuja. Jaza, shindilia, toa hewa, sokota mdomo na ufunge kila tabaka peke yake. Weka juu ya chaga, mbali na ukuta, na ziba njia za panya, maana tundu dogo tu huharibu yote. Anayefungua kila wiki kuchota kidogo huingiza hewa upya. Mwambie mteja atenge mfuko wa kula na mifuko ya kuuza. Na tafadhali usikubali kufungia mahindi mabichi hata mteja akisisitiza. Mfuko hauna uwezo wa kukausha, na utakachofungua baadaye kitakuwa kimechacha.

Je, inalipa? Pima kwa magunia kabla ya kufikiria mkopo. Tuseme bei ya mashine na usafirishaji wake ni sawa na ada ya kupukuchua magunia 2,000, na kila ada ikiondolewa mafuta, vibarua na vipuri hubaki nusu. Basi lazima upukuchue magunia 4,000 ili tu kurudisha mtaji. Ukifanya magunia 50 kwa siku, kwa siku 40 za msimu, ni misimu miwili mizima. Sasa pita nyumba kwa nyumba uhesabu: je, eneo lako lina magunia hayo, na nani tayari ana mashine? Jibu likiwa hapana, anza na turubai, kipimo na mizani, na ukodi mashine. Mkopo ukiuchukua, omba marejesho yafuate msimu, kwa sababu marejesho ya kila mwezi kwa kazi ya siku 40 humaliza mtaji mapema.

Miezi iliyobaki ina kazi yake: kupura maharage au mtama kwa mashine inayofaa zao hilo, kukagua maghala kwa ada ndogo, kuuza mifuko, kukusanya magunia ya wakulima kadhaa hadi yafikie mzigo wa lori, na kutengeneza mashine za wengine. Kikundi cha watu wanne au watano kinatosha. Mmoja ashike mashine, mmoja unyevu na mizani, mmoja daftari na wateja, na fedha zitolewe kwa saini mbili.

Mashine iwe na kinga juu ya mkanda. Nguo zibane mwili, pua na mdomo vifunikwe dhidi ya vumbi, na anayelisha asisukume magunzi kwa mkono. Zima injini kabisa ndipo uzibue. Mikataba ya kimataifa ya kazi inawakataza walio chini ya miaka 18 kufanya kazi hatarishi, na kulisha mashine hii ni mojawapo. Mdogo wako akija kusaidia, usimpeleke karibu na ngoma.