Kahawa, Chai na Kisukari: Usisahau Kuhesabu Vijiko vya Sukari

"Daktari, nasikia kahawa inazuia kisukari. Nianze kunywa?" Swali hili tunaulizwa mara kwa mara kliniki, na anayeuliza mara nyingi ana mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari cha aina ya pili. Alichosikia si uzushi. Hata hivyo, kama hukuwa mnywaji wa kahawa, jibu langu ni hapana, usianze kwa sababu hiyo.

Habari yenyewe ilianza kuvuma mwaka 2002, watafiti wa Uholanzi walipochapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kuwafuatilia watu zaidi ya 17,000. Waliokunywa vikombe 7 au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kupata kisukari iliyokaribia nusu tu ya ile ya waliokunywa vikombe 2 au pungufu. Vikombe 7 ni vingi, na wengi wetu tusingelala usiku huo. Tafiti nyingine zikafuata, na mwaka 2014 uchambuzi uliounganisha tafiti 28, zenye watu zaidi ya milioni moja, ukaonyesha mwelekeo uleule: vikombe vikiongezeka, hatari inapungua. Kwa wanywaji wa vikombe 6 ilikuwa chini kwa takriban theluthi moja ikilinganishwa na wasiokunywa kabisa. Kwa upande wa chai, uchambuzi wa mwaka 2022 uliojumuisha tafiti 19 kutoka nchi 8 ulikuta wanaokunywa vikombe 4 au zaidi kwa siku wana hatari pungufu kwa asilimia 17. Kwa kikombe 1 hadi 3 tofauti ilikuwa ndogo mno.

Wengi hudhani kafeini, kichangamsho kilicho kwenye kahawa na chai, ndiyo inayofanya kazi hiyo. Sivyo, kwani hata kahawa iliyoondolewa kafeini imeonyesha uhusiano huohuo. Kafeini yenyewe, kwa saa chache baada ya kuinywa, huufanya mwili uitikie insulini kwa ugumu kidogo, na insulini ndiyo homoni inayoiingiza sukari ya damu kwenye seli. Kwa hiyo macho ya watafiti yameelekea kwenye polifenoli, kemikali za mimea zilizo nyingi katika kahawa na chai. Inayotajwa zaidi kwenye kahawa ni asidi ya klorojeniki.

Sasa tufike mahali ambapo habari nyingi za afya huishia njiani. Tafiti hizo zote ziliwafuatilia watu walivyoishi. Hazikumpangia mtu anywe nini. Mnywaji na asiyekunywa wanaweza kutofautiana kwa uzito, mazoezi, mlo, usingizi na hata kipato, na hesabu za watafiti haziwezi kuzichuja tofauti hizo zote. Kuna pia mtu ambaye tayari hajisikii vizuri, akaamua kupunguza kahawa, kisha akahesabiwa miongoni mwa wasiokunywa. Watafiti walipowaangalia watu waliozaliwa na vinasaba vinavyowafanya wapende kahawa zaidi, hawakuona kwamba watu hao wanaugua kisukari kidogo. Katika jaribio jingine, watu wenye uzito uliozidi walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakanywa vikombe 4 vya kahawa kila siku kwa wiki 24, na mwitikio wa miili yao kwa insulini haukuwa bora kuliko wa wenzao.

Linganisha na jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka huohuo wa 2002. Watu ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda walisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi, kama kutembea kwa haraka, dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin ilishuka kwa asilimia 31. Kwangu mimi, hapo ndipo pa kuweka nguvu.

Kwa anayekunywa tayari, hatumkatazi. Tunachomuuliza ni anaweka sukari kiasi gani. Kijiko cha chai kilichosawazishwa juu hubeba gramu 4 hivi za sukari, lakini mtu akiombwa aonyeshe anavyochota nyumbani, huinua kijiko chenye kilima. Hata tukikihesabu kuwa kimesawazishwa, vijiko 3 mara vikombe 4 ni gramu 48 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu mzima wa kawaida, na ikiwezekana ibaki chini ya 25. Mtu huyo amekaribia kikomo kabla hajagusa soda, asali au keki. Punguza nusu kijiko, ukae hapo wiki mbili, kisha punguza tena, ulimi huzoea.

Mjamzito asizidishe miligramu 200 za kafeini kwa siku, ambazo ni vikombe viwili hivi vya kahawa. Mwenye upungufu wa madini ya chuma asinywe chai pamoja na chakula, kwa kuwa huzuia madini hayo yasifyonzwe vizuri. Asubiri saa moja hivi. Kahawa ya kuchemshwa isiyochujwa kwa karatasi inaweza kupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu. Na anayetumia dawa za kisukari asiziache wala asipunguze dozi kwa kutegemea kikombe chochote.

Ukipangiwa kupima sukari kabla ya kula, maji matupu yanaruhusiwa. Kahawa na chai, hata bila sukari wala maziwa, zisubiri hadi damu ichukuliwe.