Mstari wa orodha si mali ya dawa

Mfamasia alinipigia simu saa nne asubuhi. Katika programu ya stoo niliyomtengenezea, parasetamoli ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu, rangi niliyoitenga kwa dawa zilizokwisha muda tu. Boksi lilikuwa mkononi mwake na tarehe yake ni ya mbali. Kila aliposogeza orodha chini na kurudi juu, nyekundu ilizidi kuenea. Nikakagua hifadhidata: kila tarehe sahihi. Kosa lilikuwa langu, na lilikaa kwenye mistari sita ya Python.

Programu ile nimeiandika kwa GTK 4, maktaba ya kujengea madirisha ya programu, iliyotoka Desemba 2020 ikiwa na GtkListView ya kuonyesha orodha ndefu. Kabla ya hapo orodha ndefu tulizijenga kwa GtkTreeView, ambayo haikuwa na wijeti halisi (vipande vya skrini kama lebo na vitufe) ndani ya mistari yake. Ilichorachora maandishi na visanduku tu, na kuweka kitufe cha kweli mle lilikuwa jambo la kutesana. Tangu toleo la 4.10, la mwaka 2023, GtkTreeView imewekwa kando rasmi. GtkListView inakupa wijeti za kweli, lakini haitengenezi moja kwa kila dawa. Stoo ikiwa na dawa elfu nne, yenyewe hutengeneza mistari ya kutosha skrini na akiba kidogo, kisha huizungusha kadiri unavyosogeza.

Mimi hulielewa jambo hili kwa kumfikiria mama ntilie. Ana sahani thelathini, na wateja mia wanakula mchana mmoja. Hanunui sahani kwa kila mteja. Anaosha na kupakua tena. Kiwanda cha mistari, GtkSignalListItemFactory, kina ishara nne zinazofuata mwendo huohuo: `setup` ni kununua sahani, `bind` ni kupakua chakula, `unbind` ni kuosha, na `teardown` ni kuitupa sahani isiyohitajika tena. `setup` huja mara moja kwa kila mstari. `bind` huja mara nyingi mno, kila mara na kipengee kingine.

Hivi ndivyo nilivyokuwa nimeandika:

```
def andaa(kiwanda, mstari):
    mstari.set_child(Gtk.Label(xalign=0))

def pakua(kiwanda, mstari):
    dawa = mstari.get_item()
    lebo = mstari.get_child()
    lebo.set_label(dawa.jina)
    if dawa.imeisha:
        lebo.add_css_class("error")
```

Jina linabadilishwa kila mara, kwa hiyo jina halikosei kamwe. Rangi inawekwa na haiondolewi. Lebo iliyowahi kubeba dawa moja mbovu inabaki nyekundu, hata ikikabidhiwa parasetamoli mpya. Ni wali mpya juu ya masalia ya maharage ya mteja aliyetangulia. Dawa yake ni mistari miwili:

```
    else:
        lebo.remove_css_class("error")
```

Tangu siku ile nina sharti moja: chochote ambacho `bind` inaweza kukibadilisha, lazima ikibadilishe kila inapoitwa, pande zote mbili. Rangi, kuonekana, picha, hata kidokezo kinachotokea kipanya kikitua.

Visanduku vya kutiki vina mtego mbaya zaidi. Ukiunganisha ishara ya `toggled`, inayotoka kisanduku kikitikiwa, ndani ya `bind`, kila mzunguko unaongeza mwitikio mwingine (kipande cha msimbo kinachoijibu ishara) juu ya wa zamani. Mtu anatiki dawa moja, zinaandikwa tatu. Iunganishe ndani ya `setup`, mara moja, na ndani ya mwitikio uliza `mstari.get_item()` ili upate dawa iliyopo hapo sasa hivi. Na tiki yenyewe iandikwe kwenye kipengee. Ukiiacha ikae kwenye wijeti, itaondoka na sahani.

Kama umetumia `bind_property` ili idadi ya vidonge ijibadilishe yenyewe kwenye lebo, tunza kile kiungo inachokurudishia na ukikate katika `unbind`. Picha zinazosomwa taratibu kutoka diski nazo ziangaliwe: picha ikifika, hakikisha mstari bado umeshika dawa ileile kabla ya kuiweka.

Wanaopenda kueleza mistari kwa faili la XML badala ya msimbo wanaweza kutumia GtkBuilderListItemFactory. Humo thamani zinafuata kipengee zenyewe na kazi kubwa ya kuosha inafanywa kwa niaba yako. Kwa ukurasa wa mipangilio wenye mistari kumi, mimi huchukua GtkListBox, orodha isiyozungusha mistari, na sihangaiki na kiwanda chochote.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nimeijaribu programu kabla ya kuikabidhi. Nilitumia dawa kumi na mbili. Zote zilienea kwenye skrini, hakuna mstari uliozungushwa, na kosa halikuwa na pa kujitokeza. Sasa najaza modeli, yaani data iliyo nyuma ya orodha, kwa vipengee elfu kumi vya majaribio, kimoja kibovu katika kila saba, nashuka hadi mwisho, napanda hadi juu, kisha nahesabu nyekundu zilizopo kwenye skrini.