Mtetezi wa chanjo si mhamasishaji

Juzi kwenye kikao kimoja, mshereheshaji aliwasimamisha watu wanne wa kikundi cha kutetea chanjo, akawatambulisha kwa mkupuo: "Hawa ndio wahamasishaji wetu." Wakapigiwa makofi, wakaketi. Mmoja wao ni mhasibu, na kazi yake ni kupekua bajeti ya afya kifungu kwa kifungu aone fedha za chanjo zimetengwa kiasi gani na zimetoka lini. Wa pili ni muuguzi mstaafu anayeandaa maelezo ya kupeleka kwenye kamati ya bunge. Wa tatu ni mwanasheria. Ni wa nne peke yake anayepita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wazazi, na huyo ndiye mhamasishaji. Nimelisikia kosa hili mara nyingi mno kuweza kuendelea kulinyamazia.

Mtetezi wa chanjo ni mtu anayewasukuma wenye mamlaka wafanye uamuzi utakaoifikisha chanjo kwa anayeihitaji, uwe uamuzi wa fedha, sheria, watumishi au majokofu. Mhamasishaji huzungumza na mzazi. Mchanjaji huchanja. Wengine huuita utetezi wa namna hii uchechemuzi. Sina ugomvi nao, mradi wanajua wanamchechemua nani.

Tulitazame neno lenyewe. Tetea limezaliwa na teta. Kuteta ni kunong'onezana pembeni, ni kusengenya, ni kugombana kwa maneno, na huko ndiko zilikotoka tetesi. Kisha lugha ikatia kiambishi cha kutendea na maana ikageuka uso: ukimteta mtu unamsema, ukimtetea unamsemea. Lakini ule ugomvi wa asili haukuondoka. Hakuna kutetea pasipo wa kukabiliana naye. Mtetezi ana mtu mbele yake mwenye kalamu ya kusaini au kutosaini, na anamsemea mtu wa tatu ambaye hayumo chumbani.

Hamasa nayo tumeitoa kwenye Kiarabu. Ni ari, ule moto wa moyoni. Kuhamasisha ni kumtia mtu ari. Na hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu huwezi kumtia mtu ari bila kwanza kudhani kwamba hana. Tukiita kazi yote ya chanjo uhamasishaji, tumeshatoa hukumu kwamba mtoto asipochanjwa, kosa ni la mama yake aliyekosa mwamko.

Chukua chanjo ya surua. Katika vituo vingi huja ikiwa unga ndani ya kichupa cha dozi kumi. Ikishachanganywa na maji yake, haikai zaidi ya saa sita, inayobaki inamwagwa. Sasa mama ametembea asubuhi na mtoto mgongoni, kadi ya kliniki ameifunga kwenye kona ya kanga isilowe, anafika anakuta yuko peke yake. Muuguzi anatazama kichupa, anawaza dozi tisa zitakazomwagika na maswali atakayoulizwa mwisho wa mwezi, anamwambia kwa upole arudi Alhamisi watoto wakiwa wengi. Huyo mama unamhamasisha nini? Ari anayo, ameileta mgongoni. Kinachokosekana ni maelekezo kutoka juu yanayomlinda muuguzi akifungua kichupa kwa ajili ya mtoto mmoja, au uamuzi wa kununua vichupa vya dozi tano, ambavyo vipo. Maelekezo hayo na uamuzi huo hupatikana kwa mtu kwenda ofisini, kukaa kwenye benchi, kurudi tena wiki ijayo na takwimu mkononi. Ndiyo kazi ya mtetezi. Surua inasambaa kwa kasi kiasi kwamba kuizuia kunahitaji takriban watoto 95 katika kila 100 wawe na kinga, kwa hiyo kila "rudi Alhamisi" ina uzito wake.

Simdharau mhamasishaji hata kidogo. Ali Maow Maalin alikuwa mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Mwaka 1977 aliugua ndui baada ya safari fupi ndani ya gari na watoto wawili wagonjwa, akawa mtu wa mwisho duniani kuupata ugonjwa huo kwa njia ya kawaida. Alifanya kazi mahali ambapo chanjo ilikuwa karibu naye, lakini aliikwepa akiogopa maumivu. Alipona. Mwaka 1980 dunia ikatangazwa kuwa huru na ndui, naye baadaye akajiunga na kazi ya kupambana na polio nchini mwake, akiwasimulia wazazi habari zake ili wasiogope kama alivyoogopa yeye. Alifariki mwaka 2013 akiwa bado katika kazi hiyo. Yule ni mhamasishaji wa kweli, na kisa chake kinaonyesha hamasa inafaa wapi: pale ambapo dawa ipo na moyo ndio unaosita. Mama wa Alhamisi yuko upande wa pili kabisa wa mambo.

Najua nitaambiwa lugha hukua, na neno chanjo lenyewe ni ushahidi. Kweli. Chanja ni kukata, kama tunavyochanja kuni, na chanjo zilikuwa zile chale za kupakwa dawa. Chanjo ya ndui ilipokuja na kukwaruzwa kwenye ngozi, jina lilikuwa tayari linaisubiri. Leo mtoto anadondoshewa matone ya polio mdomoni, hakuna kilichochanjwa, na bado tunasema amechanjwa. Sioni ubaya wowote, kwa sababu upanuzi ule haukumwongezea mtu yeyote lawama. Huu wa uhamasishaji unaitoa lawama kwa mwenye mamlaka na kumbebesha mzazi.

Kosa jingine, nalo ni zito, ni kumwita mtetezi msemaji wa kampuni za dawa. Msemaji anatetea bidhaa ya anayemlipa. Mtetezi anamtetea anayepaswa kuipata, na mara nyingine anagombana na kampuni hizo hizo juu ya bei. Ila tofauti hiyo inasimama tu kama kikundi kinasema wazi fedha zake zinatoka wapi, na anayekiuliza ana haki ya kujibiwa.

Kwa hiyo ukiombwa kuwatambulisha, waulize kwanza: kazini mnazungumza na nani? Akisema wazazi, ni mhamasishaji. Akisema wabunge, wakurugenzi, wanaopanga bajeti, ni mtetezi. Wapo wengi wanaofanya yote mawili. Wape majina yote mawili. Baada ya kikao kile nilimwendea mshereheshaji, nikamweleza haya kwa ufupi, wala hakukasirika. Muhtasari ulipokuja, ulikuwa umeandikwa: watetezi watatu, mhamasishaji mmoja.