Nguo za binti wa miaka 15: yasemwayo na yaliyo kweli

Siku za mwisho za Ramadhani, Barabara ya Biashara hapa Mombasa haipitiki kwa watu. Kila duka lina mama na binti wanaovutana, na mengi anayoyashikilia mama ni maneno aliyoyarithi bila kuyapima. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

“Chukua kubwa, atakua.”

Kwa mtoto wa miaka minane, sawa. Binti wa miaka 15 ni habari nyingine. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kabla ya kuvunja ungo. Baada ya hapo huongeza sentimita chache tu, kwa kawaida 5 hadi 7 hivi, kisha basi. Kinachoendelea kubadilika ni nyonga na kifua. Kwa hiyo gauni linalomning'inia mabegani leo litaning'inia mpaka awe na wanawe.

Tazama mabega kwanza, maana hapo ndipo fundi hukunja uso: itambidi aifumue mikono na kuipachika upya. Kufinya kiuno au kupandisha pindo ni kazi ndogo. Ikiwa kweli wataka nguo ya kukua nayo, igeuze ndani uangalie mshono. Palipobakishwa kitambaa patafumuliwa na kutanuliwa. Nguo nyingi za bei nafuu hupigwa ovaloki karibu kabisa na mshono, hapo hakuna cha kutanua.

“Suruali ikizunguka shingo, kiunoni itamkaa.”

Simama soko la Kongowea dakika chache utaona watu wakijizungushia jinzi shingoni. Hesabu yake ni kwamba shingo ni nusu ya kiuno. Kwa wengine hukubali, kwa wengine hukataa, na kwa msichana ambaye mwili wake ungali unajipanga haimfai, kwani jinzi zake hukwama nyongani na si kiunoni. Shingo haijui lolote kuhusu nyonga.

Fanya hivi: kabla hamjatoka, itandaze kitandani suruali anayoipenda, ile inayomkaa vizuri. Pima kwa futi ya fundi upana wa kiuno, upana wa nyonga, na urefu wa mguu kwa ndani. Andika hizo namba tatu kwenye simu, mwende nayo futi. Ukifika kwenye rundo, unalaza futi juu ya nguo na kazi imekwisha, hakuna kujisukuma nyuma ya shuka la muuzaji.

Lebo nazo zisimlize mtu. Saizi 10 ya Uingereza ni 6 ya Marekani na 38 ya Ulaya, na katika rundo moja la mitumba zote tatu zimelala pamoja. Nimeona msichana akirudisha blauzi iliyomkaa vizuri kabisa kwa sababu ya namba iliyo shingoni, ambayo hakuna ambaye angeisoma.

“Mitumba ni ya wasio na kitu.”

Waulize wanaowahi robota linapofunguliwa. Ile kamera, yaani chaguo la kwanza, haidumu mezani. Anayekuja jioni hukuta fagia, yaani masalio, halafu anakwenda kusema mitumba ni matambara.

“Buibui jeusi lina joto.”

Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa jangwani kuhusu mavazi ya Mabedui. Vazi jeusi lilinyonya joto zaidi kuliko jeupe, ndiyo, lakini joto lililoufikia mwili lilikuwa sawa. Vazi lilikuwa pana, na joto la ziada lilipotelea hewani kabla ya kugusa ngozi.

Mombasa si jangwa, najua. Huku hewa ina unyevu na jasho halikauki upesi, kwa hiyo kinachomtesa binti yako mara nyingi ni poliesta, au nguo iliyombana, na lawama inatupiwa rangi. Omba kipande kidogo cha kitambaa au chomoa uzi ndani ya pindo, uwashe kiberiti. Pamba huungua ikanuka karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka ikafanya kidonge kigumu. Leso za pamba ziko tele hapo hapo Biashara, na pea moja humtosha fundi kushona sketi na blauzi.

“Hana mtindo, anaiga TikTok tu.”

Hili ndilo linaloniudhi. Siku tano kwa wiki mtoto amevaa sare, na kama analala shuleni, nguo za nyumbani huzigusa likizo tu. Sasa mtindo wake ungeonekana wapi? Tazama kapu la nguo chafu mwisho wa likizo. Ile fulana inayofuliwa kila mara, lile dera la shangazi analolivaa na koti la jinzi na raba, huo ndio mtindo wake. Zilizokunjwa vizuri kabatini na mikunjo yake bado, hizo ni zako.

Akikuonyesha picha, usiseme neno kwanza. Muulize anachokipenda hapo: rangi, mkato, au ni umbo la yule msichana? Kama ni rangi au mkato, fundi wa mtaani ataumudu. Kama ni umbo, afadhali mlizungumze nyumbani kabla pesa haijatoka.

Mipaka ya stara nayo, kila nyumba ina yake. Itaje kabla ya kupanda matatu. Kumwambia “hiyo huvai!” mbele ya muuzaji na rafiki zake ni kumfundisha kutokuja nawe tena.

“Akienda peke yake atapunjwa.”

Atapunjwa kidogo, ndiyo. Mpe kiasi mnachokubaliana, achague na kupatana bei mwenyewe huku wewe uko kibanda cha pili. Mitumba hairudishwi, kwa hiyo zipu aivute papo hapo mara mbili tatu, na makwapa ayatazame kwenye mwanga wa jua, si chini ya turubai.