Retina: sehemu ya ubongo inayoonekana kwa nje

Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Lakini kipo kipande chake ambacho daktari anaweza kukitazama bila kupasua chochote, kwa kumulika mboni tu. Kipande hicho ni retina, utando mwembamba uliotanda nyuma ya jicho kwa ndani, unaopokea mwanga.

Kuiita kipande cha ubongo si lugha ya picha. Mimba ikiwa bado changa kabisa, macho huchipuka kutoka kwenye ubongo unaojiunda. Retina hubaki imefungamana nao kwa neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja. Basi ugonjwa unaoua seli za neva ubongoni unaweza kuacha alama hata huku, na ndiyo sababu baadhi ya wanaochunguza Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili) na Alzheimer (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu) wanatazama machoni pia.

Kipimo chao kikuu kinaitwa OCT, kilichotangazwa Marekani mwaka 1991. Ni kama ultrasaundi, ila hutumia mwanga badala ya sauti. Unaweka kidevu, unakodolea alama, na baada ya muda mfupi tabaka za retina zinaonekana moja moja. Tabaka la nyuzi za neva, pale zinapokusanyika kutoka jichoni, kwa mtu mzima mwenye afya lina unene wa mikroni kama 100 tu, karibu sawa na karatasi moja. Likipungua hata kidogo, mashine inaliona.

Mfano unaonivutia zaidi ni Parkinson. Retina ina seli zake zinazotengeneza dopamini, kemikali ileile inayopungua kwenye ubongo wa mgonjwa. Mwaka 2023 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba tabaka za ndani za retina zilikuwa nyembamba zaidi kwa wenye Parkinson, na kwamba dalili hizo zilionekana hadi miaka 7 kabla ya ugonjwa kutambuliwa hospitalini. Miaka 7! Kwa Alzheimer, amiloidi, protini inayorundikana kwenye ubongo wa mgonjwa, imeripotiwa kwenye retina pia, ingawa hapo wataalamu bado wanabishana.

Hata hivyo, tofauti hizo ni za wastani wa kundi kubwa la watu. Presha ya macho nayo hukondesha tabaka lilelile la nyuzi, kwa hiyo mtu akiambiwa retina yake imepungua unene, jambo la kwanza la kuchunguzwa ni jicho lenyewe.